Mbuzi Wametafuna Ganda la Mparachichi, Utapona? Maswali Yenu Kuhusu Maji na Chakula Ndani ya Mmea

Mwezi huu meseji zimekuwa nyingi kweli, na karibu zote ni za mimea inayokauka, inayonyauka au iliyoungua. Nimezisoma zote, nimechagua hizi nane nizijibu pamoja, maana ukiziangalia vizuri ni kitu kimoja kinaulizwa. Ndani ya mmea kuna njia mbili, moja ya maji na moja ya chakula, na wengi wetu tunaijua ile ya maji tu. Ndo maana mmea ukiugua cha kwanza tunakimbilia ndoo.

*Mwalimu shikamoo. Mbuzi wa jirani waliingia shambani wakatafuna ganda la mparachichi wangu wa miaka minne, wamezunguka shina lote, upana kama kiganja. Hiyo ni miezi miwili imepita. Majani bado ya kijani na matunda yapo, tena naona mwaka huu yamekuwa makubwa kuliko ya mwaka jana. Jirani anasema mti haujadhurika kwa hiyo hana cha kulipa. Mimi namwagilia kila jioni. Je, utapona? – Msomaji, Njombe*

Marahaba, na pole sana. Nikwambie ukweli mapema ili usipoteze muda: mti wako unakufa njaa, unaanzia kufa chini, na hayo maji ya kila jioni hayawezi kuuponya.

Hebu fanya hivi ili unielewe. Kata tawi bichi la mti wowote, unene wa kidole, ulikwangue kwa kisu taratibu. Kwanza kinatoka kingozi chembamba cha nje. Chini yake kuna ganda laini lenye majimaji, na humo ndo imepita njia ya chakula, wataalamu wanaiita floemu. Sasa vuta hilo ganda lote livuke, halafu pitisha kidole pale palipobaki wazi, utasikia panateleza kama bamia. Utelezi huo ni kambiamu, tabaka jembamba sana la seli zinazozaana, ndizo zinazonenepesha shina mwaka hadi mwaka, upande wa nje zinazaa floemu mpya na upande wa ndani zinazaa mti wenyewe. Na kule ndani kwenye mti mgumu ndo kuna zailemu, mirija inayopandisha maji na virutubisho vya udongo kutoka mizizini.

Mbuzi anatafuna ganda tu, mti mgumu hauwezi. Yaani wamekula njia ya chakula wakaiacha ya maji. Ndo maana majani yako ni mabichi, maji yanapanda kama kawaida, jua linawaka, majani yanatengeneza sukari kama kawaida. Shida ni kwamba sukari ile ilitakiwa ishuke mpaka mizizini kwa sababu mizizi iko gizani haiwezi kujitengenezea chochote, inalishwa na majani kila siku, na sasa ikifika kwenye kidonda inakuta njia imekatika. Nenda kaangalie ukingo wa juu wa kidonda, nina hakika umevimba kama mdomo uliong'atwa na nyuki, na ukingo wa chini hauna uvimbe wowote. Hicho ni chakula kilichokwama. Daktari mmoja Mwitaliano, Marcello Malpighi, alibandua ganda la miti kwa pete hivyo hivyo katika karne ya 17 na akauona uvimbe huo huo juu ya jeraha, tangu hapo watu wakajua kuna kitu kinashuka kupitia ganda.

Na hayo matunda makubwa yasikufurahishe. Yanakula sukari ya mizizi. Kuna wakulima wa zabibu wanaokata pete nyembamba kwenye ganda makusudi ili tunda linenepe, ila yao ni nyembamba sana, inajifunga yenyewe baada ya wiki chache. Upana wa kiganja haujifungi.

Mizizi kwa sasa inaishi kwa akiba, ule wanga iliouhifadhi zamani. Akiba ikiisha vile vizizi vidogo vinaanza kufa, hapo ndo maji nayo yanakosa wa kuyachukua, halafu wiki moja tu mti mzima unanyauka na watu wanasema umekufa ghafla. Haujafa ghafla, ulianza kufa siku ya mbuzi.

Kwa hiyo harakisha. Kwanza kagua kidonda chote kwa makini, ukikuta hata ukanda mmoja wa ganda hai uliounganisha juu na chini, upana wa vidole viwili tu, mshukuru Mungu na uulinde, huo peke yake unaweza kuulisha mti mpaka upone. Kama hakuna, mti unahitaji daraja. Tafuta mtu anayejua kubebesha miche, yaani kuunganisha kipande cha tawi na mti mwingine, Njombe wako wengi kwa sababu ya biashara ya parachichi. Atachukua vikonyo unene wa penseli, virefu kidogo kupita kidonda, atavichonga ncha zote mbili, atachanja ganda zima la juu na la chini ya kidonda, achomeke kila kikonyo chini ya ganda huku na huku, akipigilie kwa kimsumari kidogo na kuziba kwa nta ili pasikauke. Avipange kuzunguka shina, kisiwe kimoja. Na kitu cha kusisitiza sana, upande wa kikonyo uliokuwa chini kwenye tawi lake ubaki chini, kikigeuzwa hakitafanya kazi vizuri. Vikishika, chakula kitapita humo, na miaka ikienda vitanenepa mpaka vishikane.

Njia nyingine kama shina limetoa machipukizi chini ya kidonda, usiyakate! Yale yanailisha mizizi moja kwa moja. Ila kama mti ulibebeshwa na machipukizi yametoka chini ya pale ulipobebeshwa, basi hayo ni ya mche wa chini, itabidi uyabebeshe upya ndo upate parachichi ulizozizoea.

Na wote wenye mbuzi wasomao hapa, na wale mnaofunga waya wa kuanikia nguo kwenye mwembe, waya ukizama kwenye ganda ni kitu kile kile, unakata taratibu tu. Kuhusu jirani, mpeleke akaone uvimbe, mwelezee kwa upole. Na siku nyingine mbuzi wakifanya hivyo usisubiri, siku ile ile funga kidonda kibichi kwa nailoni safi kabla ile kambiamu haijakauka, wakati mwingine ganda linaota upya. Mbuyu ndo unaweza sana hilo, Ukambani watu wanabandua ganda lake kupata nyuzi za kusukia vyondo na ganda linarudi, lakini parachichi sio mbuyu.

*Mwalimu, nipo kidato cha pili. Tumefundishwa maji yanapanda kwenye zailemu lakini sijaelewa nani anayasukuma. Nyumbani maji ya kisima tunayapandisha kwa pampu na umeme ukikatika hayapandi. Mti hauna umeme. – Mwanafunzi, Moshi*

Umeuliza swali zuri mno, na uko sehemu nzuri ya kuliuliza. Kwenye mlima unaouona kila asubuhi kuna mkukusu uliopimwa ukakutwa na mita 81.5, taarifa yake ilitoka mwaka 2016, ndo mti mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika. Kila jani la kule juu linapata maji yaliyotoka kwenye udongo, kimya kimya, bila mashine.

Sasa pampu ya kunyonya iliyokaa juu ya kisima, hata iwe nzuri vipi, haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita 10 hivi, kwa sababu kinachoyapandisha kweli ni hewa ya nje inayoyasukuma na nguvu yake inaishia hapo. Mkukusu unazidisha mara nane. Wengine watakwambia ni kapilari, ile tabia ya maji kupanda yenyewe kwenye mrija mwembamba, hapana, kwa unene wa mirija ya kawaida ya miti kapilari haifiki hata mita moja.

Jibu ni kwamba hakuna anayesukuma kutoka chini. Yanavutwa kutoka juu. Jani lina vitundu vidogo sana, hasa upande wa chini, vinaitwa stomata, vinafunguka ili hewa ya kaboni dioksaidi iingie kutengeneza chakula, na vikifunguka unyevu unatoka nje kama mvuke. Kila chembe ya maji inayotoka inavuta iliyo nyuma yake, na hiyo inavuta ya nyuma yake, mpaka mzizini, kama kamba ya kisima. Utauliza maji yatakuwaje kamba? Angalia bomba lisilofungwa vizuri, lile tone linaning'inia, linarefuka, linakataa kuanguka, maana chembe za maji zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Zikiwa ndani ya mrija mwembamba usio na hewa, mshikano huo ni mkubwa ajabu, unaweza kubeba uzito wa mstari wa maji wa mita 80 na zaidi. Henry Dixon na John Joly wa Dublin ndo waliolieleza hili mwaka 1894. Na kabla yao Mwingereza Stephen Hales, alikuwa mchungaji wa kanisa, aliotesha alizeti kwenye chungu akaziba mdomo wa chungu ili udongo usipoteze maji, akawa anakipima kwenye mizani asubuhi na jioni, akaona uzito unaopungua umetokea kwenye majani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1727. Mtu na mizani tu!

Kwa hiyo umeme wa mti ni jua. Mti wenyewe haulipi kitu kwenye kazi hiyo, na seli za zailemu zinapofanya kazi zimeshakufa, zimebaki kuta tupu zilizoungana kama vipande vya paipu. Floemu ni tofauti, seli zake ni hai, zinapakia sukari kwa nguvu kutoka kwenye majani, maji yanaifuata sukari, presha inapanda upande wa jani, na kule mzizini au kwenye tunda sukari ikishushwa presha inapungua, basi utomvu unatiririka kutoka kwenye presha kubwa kwenda ndogo. Chakula kinaweza kushuka au kupanda, kutegemea nani ana njaa. Maji ya zailemu yanapanda tu. Hilo lishike, linakuja kwenye mtihani.

Mizizi nayo inasukuma kidogo, sitaki nikudanganye. Asubuhi angalia ncha za majani ya mahindi machanga au kingo za jani la nyanya, utakuta matone yamepangika kama shanga. Mengi hayo sio umande, ni maji yaliyosukumwa usiku na mizizi wakati stomata zimefungwa. Ila nguvu hiyo haiwezi kufika juu ya mkukusu.

Jaribu hiki nyumbani: chukua waridi jeupe, likate shina kwa wembe, liweke kwenye glasi ya maji uliyotia rangi nyekundu ya keki, kesho yake petali zitakuwa na mishipa myekundu. Kata shina kipande uangalie, utaziona nukta nyekundu zimepangwa duara. Fanya hivyo hivyo kwa kimche cha mhindi, nukta zimetawanyika hovyo shina zima. Ndo ile tofauti ya daikotiledoni (mbegu yenye pande mbili kama maharage) na monokotiledoni (mbegu ya upande mmoja kama mhindi) mnayoichora, umeiona kwa macho.

*Habari mwalimu. Maboga yangu kila ikifika saa saba mchana majani yote yanalala utadhani yamemwagiwa maji moto, jioni yanasimama tena. Nimeongeza maji mpaka udongo umekuwa tope na bado yanalala. – Mama shamba, Machakos*

Mama, acha kuongeza maji. Majani ya boga ni mapana na mchana yanatoa mvuke kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuchukua, hata kama udongo una maji ya kutosha. Jani lenyewe halina mifupa, linasimama kwa sababu seli zake zimejaa maji kama mpira uliopulizwa, zikipungukiwa kidogo linalegea. Likilegea linapokea jua kidogo, stomata zinafungwa, mmea unapumzika, jioni unajaza tena. Mahindi yanafanya hivyo kwa kujikunja.

Kipimo chako kiwe asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu ukikuta jani bado limelala, hapo kuna tatizo, aidha udongo umekauka kweli au mizizi inaumwa. Na tope ni hatari kwa sababu mizizi inahitaji hewa ili ifanye kazi, ikizama inaanza kuoza na utaona dalili zile zile za kiu, ndo ukimwona mkulima anamwagilia zaidi na mmea unakufa zaidi. Weka nyasi kavu chini ya maboga, mwagilia asubuhi na mapema, mara chache ila maji yazame chini.

*Mwalimu, nyanya zangu zilikuwa nzuri kabisa, zimeanza maua, alafu mche mmoja mmoja unanyauka ukiwa kijani, asubuhi upo sawa jioni umelala na hauamki tena. Duka la pembejeo wameniuzia dawa ya ukungu, nimepiga mara tatu. – Msomaji, Ilula, Iringa*

Kabla hujanunua dawa nyingine tafuta glasi safi. Ng'oa mche uliolala leo, kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole, kishike kwa uzi kining'inie ndani ya glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa iguse maji tu, usikitikise. Subiri dakika tano mpaka kumi huku umeweka kitu cheusi nyuma ya glasi. Ukiona nyuzi nyeupe kama moshi au maziwa zinashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Zile nyuzi ni bakteria wenyewe, wamejazana ndani ya zailemu wakaziba mirija, mmea unakufa kiu ukiwa umesimama kwenye udongo wenye maji.

Dawa ya ukungu haiwahusu, na kwa kweli hakuna dawa ya kupuliza inayofika humo. Ng'oa miche yote inayougua pamoja na udongo wa mizizini, itoe shambani, usiitupe kwenye mfereji. Jembe na kisu ulichotumia kioshe kwa jiki. Maji ya mfereji yasitoke upande wenye ugonjwa kwenda upande mzima. Na eneo lile usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo, hizo zote ni ukoo mmoja na zinaugua pamoja, weka mahindi misimu kadhaa. Kama nyuzi hazikutoka ila ukipasua shina unakuta mistari ya kahawia ndani, huo ni mnyauko wa fusari, nao ni kuvu wa udongoni anayeziba mirija, tafuta mbegu inayostahimili.

Wenzetu wa Kagera na Uganda wameumizwa na kitu cha namna hii kwenye migomba, bakteria wanaingia kwa wadudu wanaotua kwenye ua la mwisho la mkungu na kwa mapanga yanayotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Ndo maana wanashauriwa kuvunja lile ua kwa mti wenye panda badala ya kulikata kwa panga.

*Mwalimu hujambo. Baba yangu ni mgema. Nataka kujua tembo linatoka sehemu gani ya mnazi, na kwa nini mnazi unaogemwa hauzai nazi. Na kwa nini lazima akate kila siku asubuhi na jioni, asikate mara moja tu likatiririka? – Msomaji, Kilifi*

Sijambo, na nimefurahi sana, maana baba yako anaijua floemu kuliko wengi walioisoma shuleni.

Mnazi ukitaka kuzaa unatoa karara, lile ganda refu lililofungwa, na ndani yake kuna panda lenye maua. Mnazi mzima unapeleka sukari pale kwa ajili ya nazi zitakazokuja. Mgema anapanda kabla karara halijafunguka, analifunga kamba lisipasuke, analipinda kidogo kidogo siku baada ya siku, halafu anakata ncha kwa kotama. Sukari inafika mahali ilipotumwa, inakuta hakuna maua ya kulisha, inadondoka kwenye kibuyu. Utomvu unaotoka ni wa njia ya chakula, sukari yake inakaribia asilimia 15, ndo maana likiwa jipya ni tamu hivyo na saa chache tu hamira ya hewani imeshalichachua. Kwa hiyo nazi na tembo ni chakula kile kile, karara lililogemwa haliwezi kutoa nazi tena. Karara jingine la mnazi huo huo likiachwa litazaa.

Kuhusu kukata kila siku, seli za floemu ni hai na zina tabia ya kujiziba zikijeruhiwa, kama damu inavyoganda kwenye kidonda. Isingekuwa hivyo mmea ukikatwa jani moja ungevuja mpaka ukafa. Baba yako anapokata kile kipande chembamba kama karatasi anafungua upya mirija iliyoanza kuziba. Akikata kipande kikubwa anamaliza karara bure, akichelewa linakauka. Mkono wake umelijua hilo siku nyingi.

Na kuna kitu kingine kwenye mnazi nikuonyeshe. Angalia zile ngazi zilizochongwa kwenye shina za kupandia. Hata ziwe za miaka thelathini hazijifungi, ziko vile vile. Mnazi ni monokotiledoni, hauna kambiamu, hauwezi kunenepa wala kuota ganda jipya, ila pia mbuzi hawezi kuuua kwa kutafuna nje maana mishipa yake imetawanyika shina zima, zailemu na floemu kwenye kila uzi. Ukipasua shina la mnazi uliokufa utaziona zile nyuzi nyeusi zimejaa. Na kwa kuwa haitengenezi mishipa mipya, ile iliyopo chini ya shina inabidi ifanye kazi maisha yote ya mnazi. Fikiria, seli hai ile ile inapitisha sukari tangu babu yako alipoupanda.

*Nimeweka urea kwenye mahindi, vizuri tu, jua likawaka siku tatu, majani yameungua. Mbolea ilikuwa feki? – Msomaji, Kahama*

Inawezekana haikuwa feki. Ukitengeneza kachumbari, vitunguu ukivitia chumvi si vinatoa maji na kulegea? Mbolea ikiwa nyingi karibu na mzizi inafanya hivyo hivyo, maji yanatoka kwenye mzizi kwenda kwenye udongo wenye chumvi kali badala ya kuingia. Weka kidogo, mbali na shina kama upana wa kiganja, fukia, na uweke wakati udongo una unyevu. Sasa hivi mwagilia maji mengi mara moja yaishushe, kama moyo wa mhindi bado mbichi utarudi.

*Nikichuma matembele kila wiki, viazi chini vitakuwa vidogo? Na mume wangu anasema kiazi ni tunda. – Mama, Morogoro*

Ndiyo, ukichuma sana vitapungua, kwa sababu jani ndo jiko na kiazi ni ghala. Tenga matuta mawili ya mboga uyachume utakavyo, mengine yaache. Na mwambie shemeji kiazi kitamu ni mzizi ulionenepa, kiazi mviringo ni shina ndo maana kina macho yanayochipua, kitunguu ni majani yaliyonenepa, na karafuu ya kwenye pilau ni ua lililochumwa kabla halijafunguka. Ukikata karoti duara, ile duara ya ndani ya rangi hafifu ni zailemu na ile nene ya nje ni upande wa floemu. Muhogo nao, ule uzi mgumu wa katikati unaotoa kabla ya kula ni mirija ya maji ya mzizi.

*Mwanangu ana miaka saba, ameniuliza kwa nini embe lina nyuzi zinazoingia kwenye meno, nimekosa jibu. – Baba, Muheza*

Mwambie ni mishipa ya embe. Ilipokuwa mtini, maji na sukari vilipita humo kuanzia kwenye kikonyo, na zile nyuzi nyeupe zinazobaki kwenye ndizi ukimenya nazo ni mishipa. Kuna aina za embe zenye mishipa migumu na nyingine laini ambazo huisikii. Mpe kokwa la embe lenye nyuzi nyingi alioshe, alianike juani mpaka likauke, halafu afuate uzi mmoja mmoja kwa kidole aone unapoanzia na unapoishia.